Kupima Umbali Kwenye Reli ya Tanga

Umbali wa reli si umbali wa barabara, na ramani ya simu mara nyingi hukupa wa barabara tu. Kama wewe ni mwanafunzi, mpenzi wa historia au abiria anayependa hesabu, jaribu hivi.

1. Anzia stesheni ya Tanga. Ujenzi wa reli hii ulianzia Tanga mwaka 1893, na hesabu ya kilomita nayo ikaanzia huko. Muheza ni kilomita 40, Mombo 129, Moshi 352. Ukitaka Muheza hadi Mombo, toa tu: 89.

2. Usipime kwa mstari ulionyooka. Tanga hadi Moshi kwa mstari huo ni kama kilomita 270, lakini reli inaongeza zaidi ya 80. Inakwenda kwanza magharibi hadi Korogwe, ndipo inapinda kaskazini-magharibi kufuata bonde la Pangani, milima ya Usambara ikiwa kulia. Chukua ramani ya karatasi ya 1:50,000, tandaza uzi wa kushonea juu ya alama ya reli, kona kwa kona, kisha unyooshe kwenye rula. Sentimita 1 ni mita 500. Lowesha uzi kidogo. Mkavu unaruka kwenye kona.

3. Angalia nyaraka ni za enzi gani. Mjerumani alihesabu kilomita, Mwingereza akaja na maili. Zidisha maili kwa 1.609: ukiona Moshi ni maili 219, hesabu ni ileile.

4. Ndani ya treni, tega sikio. Kila gurudumu likivuka kiungo cha reli hugonga. Magurudumu ya chini yako hugonga mara mbili kwa haraka; hesabu hayo mawili kama pigo moja. Pande la reli likiwa la mita 12, mapigo 100 ni kilomita 1.2. Ukihesabu kwa sekunde 43, idadi ya mapigo ndiyo mwendo wa treni katika kilomita kwa saa. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, ila reli zilizochomelewa hazigongi. Hapo tazama nguzo za kilomita.

5. Una picha iliyopigwa kutoka juu? Nafasi kati ya reli mbili ni mita 1 kamili. Itumie kama rula.

6. Usitembee relini kuhesabu mataruma. Pimia ndani ya behewa, kwenye ramani, au kamuulize mkuu wa stesheni.