Pumu, na Namna ya Kuishi Nayo

1. Pumzi na njia zake

Mtu aweza kukaa siku nyingi bila chakula, na siku chache bila maji. Lakini bila pumzi hawezi kukaa ila dakika chache tu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hata 20 kwa dakika moja, awe macho au awe amelala. Kwa kuwa kazi hii hufanyika yenyewe, twaisahau. Huikumbuka yule tu ambaye pumzi yake imezuiliwa.

Hewa hupita puani au kinywani, hushuka kooni, kisha huingia katika bomba moja kubwa lililo kifuani. Bomba hilo hugawanyika mara mbili, moja la pafu la kulia na moja la pafu la kushoto. Nayo hugawanyika tena na tena, kama matawi ya mwembe, hata yale ya mwisho huwa mirija membamba sana. Mirija hiyo imezungukwa na misuli midogo, na ndani yake mna utando laini wenye ute kidogo wa kunasa vumbi.

Wataka kujua mwenye pumu huona nini? Tafuta bua jembamba la nyasi, lililo wazi ndani. Bana pua kwa vidole, ukavute na kutoa pumzi kwa njia ya bua hilo muda wa nusu dakika. Utaona jinsi kifua kinavyotaabika. Wewe waweza kulitupa bua lile ukapumua vizuri. Mwenye pumu hana la kutupa. (Jambo hili asilifanye mwanafunzi mwenye maradhi ya kifua.)

2. Pumu ni nini?

Katika pumu mambo matatu hutokea ndani ya mirija ya hewa. Kwanza, misuli iliyoizunguka hukaza, kama mkono unaofumba. Pili, utando wa ndani huvimba. Tatu, ute huzidi, ukawa belghamu nzito. Basi njia iliyokuwa pana huwa nyembamba, na hewa hupita kwa shida, hasa inapotoka. Ndiyo maana kifua cha mgonjwa hulia kama filimbi. Tena hukohoa, na mara nyingi humzidia usiku na alfajiri.

Mashaka hayo yaweza kupita, na mgonjwa akapumua kama watu wengine. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Hudhani kwamba maradhi yametoka, kumbe yamelala. Pumu ni kama kaa la moto lililofunikwa na majivu. Juu ni baridi, ndani mna moto. Upepo ukivuma kidogo, kaa huwaka. Neno hili ndilo kubwa katika somo letu, nanyi lishikeni: uvimbe wa ndani waweza kuwapo hata siku ile ambayo mgonjwa hasikii taabu yo yote.

3. Mwili unapokosea adui

Mwili wetu una walinzi wa kupigana na vijidudu vya maradhi. Lakini katika watu wengine walinzi hao huona kitu kisicho na dhara, kama vumbi au manyoya ya paka, wakakipiga vita kana kwamba ni adui. Hali hiyo huitwa mzio. Mtu mwenye mzio aweza kuwashwa macho, kupiga chafya, kutokwa na upele, au kubanwa na kifua. Si kila mwenye mzio ana pumu, wala si kila pumu hutokana na mzio. Lakini mara nyingi mambo hayo mawili hukaa pamoja.

Wataalamu walilijua jambo hili polepole. Mwaka 1860 Henry Hyde Salter, tabibu wa London aliyekuwa na pumu mwenyewe, aliandika kitabu juu ya maradhi hayo, akataja kwamba paka aweza kuyaamsha. Mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester alieleza majaribio aliyoyafanya juu ya mwili wake mwenyewe, akaonyesha kwamba chavua ya majani ndiyo iliyomletea mafua na chafya kila mwaka. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet, tabibu wa Vienna, alibuni jina linalotumika katika lugha za Ulaya kwa hali hiyo ya mwili. Na mwaka 1964 wataalamu wa Leiden, katika nchi ya Uholanzi, walionyesha kwamba katika vumbi la nyumba mna utitiri mdogo mno usioonekana kwa macho, na kwamba utitiri huo ndio unaolifanya vumbi liwadhuru wengi. Chakula chake ni magamba madogo ya ngozi yanayotupuka mwilini mwetu. Nao hupenda magodoro, mito, na mahali penye joto na unyevu.

4. Vitu vinavyoamsha pumu

Vinavyomwamsha huyu sivyo vinavyomwamsha yule. Walakini vifuatavyo hujulikana sana: mafua, moshi wa kuni, wa mkaa, wa tumbako na wa takataka zinazochomwa, vumbi, manyoya ya paka na mbwa, uchafu wa mende, chavua, hewa ya baridi, manukato makali, na kukimbia sana. Hata kucheka sana au kulia sana kwaweza kumwanzishia mtu kikohozi.

Basi mwenye pumu na jamaa zake yawapasa kuangalia: ni kitu gani kilichotangulia kabla ya kifua kubana? Wakikijua, wakiepuke kadiri wawezavyo. Yafaa kupika mahali penye madirisha wazi au penye dohani, na mtoto mwenye pumu asikae karibu na mafiga. Yafaa kufua shuka na foronya kila juma kwa maji ya moto sana, na kuzianika juani hata zikauke kabisa. Yafaa kufuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Na shuleni, zamu ya kufagia ikifika, mwenye pumu apewe kazi nyingine, kama kumwagilia bustani. Huko si kumpendelea. Ni kugawa kazi kwa akili.

5. Dawa mbili, kazi mbili

Dawa za pumu huvutwa kwa pumzi, ili zifike mahali penyewe palipo na maradhi. Chombo chake ni kidogo, chaingia mfukoni, na watu wengi hukiita pampu au inhela. Historia yake yapendeza. Mwaka 1955 msichana wa miaka 13 huko Marekani, aliyekuwa na pumu, alimwuliza baba yake, mkuu wa kampuni ya dawa, mbona dawa yake isitiwe katika chombo cha kupuliza kama manukato. Baba hakumdharau mtoto. Mwaka 1956 pampu ya kwanza ya namna hiyo ikaanza kuuzwa, na tangu hapo imeokoa roho nyingi.

Sasa sikilizeni vema, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Dawa ni za aina mbili.

Ya kwanza ni dawa ya kufungua. Inayojulikana sana ni salbutamoli, iliyoanza kutumika mwaka 1969. Hulegeza misuli iliyokaza, na baada ya dakika chache mgonjwa huona nafuu. Lakini haiondoi uvimbe.

Ya pili ni dawa ya kutuliza uvimbe, kama beklometasoni, iliyoanza kuvutwa kwa pampu mwaka 1972. Hiyo haimpi mgonjwa nafuu saa ile ile. Hufanya kazi polepole, siku kwa siku. Nayo hutumika kama tabibu alivyoagiza, hata siku ambazo kifua ni kizima. Akiisha kuivuta, mgonjwa asukutue kinywa kwa maji.

Dawa ya kwanza hufungua mlango. Ya pili huzima kaa lililo chini ya majivu. Mwenye kupenda ile ya kwanza peke yake, kwa sababu nafuu yake huonekana upesi, huacha moto ukiendelea. Tangu mwaka 2019 miongozo ya matabibu wa pumu duniani yasema kwamba mtu mzima, na kijana wa miaka 12 na zaidi, asitibiwe kwa dawa ya kufungua kwa haraka peke yake. Siku hizi ziko pia pampu zenye dawa mbili pamoja. Na mtu akiona kwamba haja yake ya dawa ya kufungua yazidi juma kwa juma, ajue kwamba hatari yakaribia, aende kwa tabibu bila kukawia.

Natuwaze mama mmoja amemleta mwanawe hospitali. Asema, “Bwana Tabibu, mtoto huyu hakukohoa miezi miwili. Dawa ya kila siku nimeiacha. Ya nini kumnywesha mzima dawa?”

Tabibu amjibu, “Mama, majivu ya jikoni yakipoa juu, je, utatandika mkeka wa mtoto juu yake?”

“La, Bwana. Nitachokoa kwanza nione kama moto umezimika.”

“Vema. Nami nataka kukichunguza kifua chake kwanza, kisha nipunguze dawa kidogo kidogo. Uzima uliouona miezi ile miwili, mama, dawa ndiyo iliyoulinda.”

6. Mwenzako akishikwa

Pumu yaweza kuua. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi ambazo watu wake hawapati dawa kwa urahisi. Basi kila mwanafunzi ajue la kufanya.

(a) Mketishe mwenzako wima, wala usimlaze. Legeza nguo shingoni.
(b) Sema naye kwa upole, maana hofu huzidisha taabu. Watu wasimzonge.
(c) Mpe dawa yake ya kufungua, mvuto mmoja mmoja, hata mivuto 4. Kisha ngoja dakika 4. Asipopata nafuu, mpe tena mivuto 4.
(d) Mwenzenu mmoja akimbie kumwita mwalimu tangu mwanzo.
(e) Asipopata nafuu bado, apelekwe hospitali mara moja, na njiani aendelee kupewa dawa.

Dalili za hatari kubwa ni hizi: hawezi kusema sentensi moja bila kukata pumzi, mbavu zaingia ndani akivuta hewa, midomo yageuka rangi, anasinzia au amechoka mno. Tena jihadharini: filimbi ya kifua ikinyamaza naye bado anataabika, si nafuu hiyo. Ni kwamba hewa haipiti tena. Hapo msingoje hesabu ya dakika. Mpelekeni hospitali upesi.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa sawasawa na pampu peke yake. Yafaa iwepo chupa katikati, dawa ikae humo naye aivute polepole. Chupa za dukani ni ghali. Lakini mwaka 1999 matabibu wa Cape Town walitangaza kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu la kadiri ya mdomo wa pampu, na kuzibwa vizuri pembeni, ilifaa sawa na ile ya kununua. Mwulizeni mwuguzi awaonyeshe namna ya kuitengeneza.

7. Maneno yasiyo kweli

Husemwa kwamba pumu huambukiza. Si kweli. Waweza kula naye, kulala naye chumba kimoja, na kukaa naye dawati moja.

Husemwa kwamba pampu ni ya mtu aliye karibu kufa, au kwamba humzoeza mtu hata asiweze kuiacha. Si kweli. Maneno hayo yamewafanya watoto wengi kuificha pampu yao chini ya nguo, na kuona haya kuitumia mbele ya wenzao. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Anayemcheka mwenzake kwa sababu ya pampu humzibia pumzi kama afanyavyo moshi.

Siku za kale, katika Bara Hindi na baadaye Ulaya, wagonjwa walivuta moshi wa majani ya mnanaha. Ni kweli majani yale yana kitu cha kulegeza misuli ya mirija ya hewa; lakini mmea huo ni sumu, na moshi wenyewe hudhuru mapafu. Msiujaribu.

Husemwa tena kwamba mwenye pumu hawezi kukimbia. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu tangu ujana wake. Mwaka 2003, huko London, alikimbia mbio ndefu za marathoni kwa saa 2, dakika 15 na nukta 25, na hapana mwanamke aliyeupita muda huo kwa miaka 16, hata Brigid Kosgei wa Kenya alipokimbia upesi zaidi huko Chicago mwaka 2019. Radcliffe hakuyashinda maradhi yake kwa kuyasahau, bali kwa kuyajua na kutumia dawa zake.

Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Mwenye pumu atunze dawa yake siku za uzima, na aliye mzima amtunze mwenzake siku ya taabu.

Maswali

1. Taja mambo matatu yanayotokea katika mirija ya hewa wakati wa pumu.
2. Kwa nini pumu imefananishwa na kaa lililofunikwa na majivu?
3. Eleza tofauti ya dawa ya kufungua na dawa ya kutuliza uvimbe.
4. Mama yule alikosea nini? Tabibu alimfundishaje?
5. Filimbi ya kifua ikinyamaza na mgonjwa bado anataabika, utafanya nini? Kwa nini?
6. Tazama darasa lako na jiko la kwenu. Andika vitu vinavyoweza kuamsha pumu, na namna ya kuvipunguza.