Kwa Nini Watu Wetu Huenda kwa Mganga Usiku?



Wapendwa wanajumuiya, somo la mwezi huu si rahisi. Tunaomba lisomwe polepole, na mwenye kusoma asimame pale watu wanapotaka kusema. Mara nyingi tukizungumzia uchawi kanisani tunafanya mambo mawili tu: tunakemea au tunacheka. Kisha ikifika usiku, wengine wetu, hata wale wanaosoma masomo Jumapili, wanapita njia ya nyuma kwenda kwa mganga. Kwa hivyo leo hatutabishana kama uchawi upo ama haupo. Tutauliza swali lingine: wanaokwenda huko wanatafuta nini? Maana mtu hatoi mbuzi wake wa pekee bila sababu.

TUANZE NA KOSA LETU

Miaka kadhaa iliyopita alikuja ofisini kwetu mama mmoja na mtoto wa miaka saba. Mtoto alikuwa na kifafa. Alikuwa ameshaanguka motoni mara moja, na mkono wake ulikuwa na kovu kubwa. Mama alipewa vidonge hospitali, akampa mtoto kwa wiki tatu, akaona haanguki tena, akaacha. Hakuna aliyemweleza kwamba vidonge vya kifafa humezwa kila siku, mara nyingi kwa miaka, na kwamba ukiviacha ghafula ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu zaidi. Mtoto alipoanguka tena, majirani wakaanza: "Huyu amechezewa." Mama akatuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli.

Sisi tulifanya nini? Tulimwambia mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, "Mama, wewe ni Mkristu, achana na ushirikina." Basi. Tukaita mtu mwingine. Siku hiyo tulikuwa tunagawa mahindi ya msaada na foleni ilikuwa ndefu.

Wiki hiyo hiyo akaenda kwa mganga. Mganga hakuwa na haraka. Alimkalisha mkekani tangu asubuhi hadi saa sita. Akamwuliza mtoto alizaliwa lini, nani alimpokea, nyumbani amekosana na nani. Mama akalia, mganga akamngoja amalize kulia. Halafu akapiga ramli, akamtajia mtu: mama mkwe wake, mjane aliyepita miaka sabini. Kabla ya mwezi kwisha, vijana wa boma lile lile walimfukuza yule mzee na kuchoma paa la nyumba yake. Aliokoka kwa sababu jirani mmoja Mwislamu alimficha.

Hatusemi haya ili kujitetea. Mganga alimdanganya yule mama, na uongo wake nusura uue mtu. Lakini alimsikiliza. Sisi tulikuwa na ukweli mkononi, tukamnyima dakika kumi.

TANGAZO KWENYE MLINGOTI WA STIMA

Ukitembea mjini utaona karatasi zimebandikwa kwenye milingoti ya stima na kuta za stendi. "Mganga kutoka Tanga." "Mganga kutoka Sumbawanga." Chini yake nambari ya simu na orodha ya kazi zake. Tumezoea kupita tukicheka. Safari ijayo simama usome. Kurudisha mume au mke. Kupata kazi. Kushinda kesi ya shamba. Kurudisha mali iliyoibiwa. Kuvuta wateja dukani. Kufaulu mtihani. Ugonjwa usiopona.

Hiyo ni orodha ya mambo ambayo watu wetu wameyakosa kwingine. Aliyeibiwa ng'ombe alienda kuripoti akaambiwa alete pesa za mafuta ya gari. Mwenye kesi ya shamba anaambiwa kila mara arudi mwezi ujao. Kijana ana cheti lakini hana mtu anayemjua ofisini. Mke aliyeachwa hana wa kumweleza, maana akisema kanisani atasengenywa. Kila mstari wa lile tangazo ni mlango uliofungwa mahali fulani. Kwa mganga kuko wazi, hata usiku, hata bila barua ya chifu.

"KWA NINI MIMI?"

Lakini shida na umaskini si sababu pekee. Matajiri pia huenda, na wanasiasa, na wenye digrii. Kuna swali moja ambalo kila mtu hubeba.

Mtaalamu mmoja Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alikaa na Wazande wa kusini mwa Sudan miaka ya 1920, akaandika kitabu juu yao mwaka 1937. Anaeleza habari ya ghala. Kule ghala la nafaka hujengwa juu ya nguzo, na wakati wa jua kali watu huketi chini yake kupata kivuli. Mara nyingine ghala huanguka na kuumiza watu. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Hana haja ya kufundishwa hilo. Swali lake ni hili: kwa nini nguzo zivunjike saa ile ile, watu hawa hawa wakiwa wamekaa pale? Jibu lake ni uchawi.

Je, sisi ni tofauti? Daktari anaweza kukueleza vizuri jinsi malaria inavyoingia mwilini. Lakini hawezi kukwambia kwa nini imemchukua mtoto wako, na wa jirani amepona. Mwanadamu akiwa na uchungu hawezi kukaa na swali hilo peke yake. Mganga analijibu siku hiyo hiyo, tena kwa jina la mtu. Hapo ndipo mvuto wake ulipo, na hapo ndipo sumu yake ilipo. Jibu lake linaondoa mzigo moyoni: si kosa langu, si bahati mbaya, ni fulani. Tena linakupa kitu cha kufanya, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu aliyekaa siku nyingi akitazama mgonjwa bila kujua la kufanya.

Wakubwa kati yetu wanakumbuka ukimwi ulipoanza kutumaliza. Kule Nyanza wengi walisema ni chira, yaani adhabu ya kuvunja mwiko. Jamaa wakashughulika kutafuta nani alivunja mwiko gani, na huku mgonjwa anakwisha na mwenzake anaambukizwa.

NA WAZUNGU JE?

Vijana wengine hutuambia kwamba haya ni mambo ya Waafrika wasiosoma. Tuwajibu, maana baadhi yao wameanza kusoma kwenye simu zao juu ya dini iitwayo Wicca. Dini hii ilijulikana Uingereza baada ya sheria ya zamani ya uchawi kufutwa huko mwaka 1951. Gerald Gardner, mzee aliyekuwa amestaafu kazi ya forodha kule Malaya, alitoa kitabu juu yake mwaka 1954. Katika sensa ya mwaka 2021, watu wapatao 13,000 wa Uingereza na Wales waliandika Wicca kuwa ndiyo dini yao. Hao ni watu wenye shule na hospitali karibu.

Tusiwasingizie. Wafuasi wa Wicca hawasemi wanaroga watu. Kanuni yao inakataza kudhuru. Huabudu mungu wa kike na wa kiume, hufuata mwezi na majira ya mwaka, na wengi hukutana katika vikundi vidogo. Sisi Wakristu hatuwezi kuwafuata, kwa sababu tunamwabudu Mungu mmoja, na mwezi ni kiumbe chake tu. Lakini tuulize tena swali letu: wanatafuta nini? Wengine wanatafuta kikundi ambamo kila mtu anajulikana kwa jina. Wengine ni wanawake wanaotaka sauti yao isikike kwenye ibada. Wengine wanapenda miti, mito na mvua, na hawajasikia mahubiri yanayovitaja. Wengine waliumizwa na watu wa Kanisa. Kumbe kikundi kidogo cha kujuana ndicho maaskofu wetu wa AMECEA walichotaka walipochagua njia ya jumuiya ndogo ndogo miaka ya 1970. Tunacho. Je, tunakitumia, ama tunakutana kusoma majina ya waliochanga na wasiochanga?

MATUNDA YAKE TUMEYAONA

Wicca tuiache hapo, turudi nyumbani, ambako jambo hili limemwaga damu. Mwezi wa Mei 2008, kule Kisii, kundi la watu liliua kwa moto watu 11 waliodaiwa kuwa wachawi, wengi wao wazee. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa kwa madai hayo hayo. Kilifi wazee wameuawa kwa sababu ya mvi zao, na huko Ganze, mahali panapoitwa Kaya Godoma, palifunguliwa kimbilio la wazee waliotishwa na watu wao wenyewe. Nchi jirani ya Tanzania iliumizwa sana na waganga walioahidi utajiri kwa viungo vya watu wenye ualbino, hadi serikali ikapiga marufuku wapiga ramli chonganishi mwaka 2015.

Ukichunguza kesi hizi, hasa za Pwani, mara nyingi utakuta shamba. Mzee ana ekari chache, hajaandika wosia, na vijana hawana kazi. Neno "mchawi" linafupisha njia ya urithi. Mganga hupewa jina kabla hata ya kupiga ramli. Kwa hiyo mwenye uchungu wa kweli, kama yule mama wa mtoto, anaweza kutumiwa na mwenye tamaa bila yeye kujua.

MAANDIKO YANASEMAJE?

Someni 1 Samweli 28:3-25. Mfalme Sauli mwenyewe ndiye aliyekuwa amewafukuza waaguzi nchini. Lakini alipoogopa Wafilisti, na Mungu hakumjibu, alibadilisha nguo akaenda Endori usiku. Mnaona? Kukemea peke yake hakukumsaidia hata yule aliyekemea. Tazameni pia mwisho wa sura. Yule mwanamke aliona mfalme ametetemeka na hajala mchana na usiku, akachinja ndama, akampikia. Sisi hatuwezi kufanya kidogo kuliko yeye.

Halafu someni Yohana 9:1-7. Wanafunzi walimwona kipofu wakataka jina: nani alikosa, yeye ama wazazi wake? Yesu alikataa kutaja mtu. Hakumpa yeyote lawama, akainama, akaanza kumhudumia yule kipofu. Huo ndio mwendo wetu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inakataza uchawi na hirizi, hata kama nia ni kutafuta afya. Lakini tusichanganye mambo. Kuchemsha mwarobaini si dhambi. Mzee anayejua mitishamba na hataji jina la mtu, hamwiti pepo, wala hamdanganyi mgonjwa, si mchawi. Mwambieni tu mgonjwa asiache dawa za hospitali.

TUFANYE NINI?

1. Tusikilize kwanza. Mtu akisema "nimerogwa", usimjibu upesi. Mwulize, "Ilianza lini? Unaogopa nini?" Kaa naye.

2. Mgonjwa wa muda mrefu apewe watu wawili wa jumuiya. Waende naye kliniki, waulize dawa inamezwaje na kwa muda gani, wamkumbushe.

3. Kukiwa na msiba, hasa wa mtoto au kijana, jumuiya isiishie kwenye mazishi. Wiki zinazofuata ndizo ambazo jina la mtu hutafutwa.

4. Wazee wasaidiwe kuandika wosia na kufuatilia hati za shamba wakiwa hai.

5. Usibebe jina. Ukisikia fulani ni mchawi, likufie hapo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, Sura ya 67 ya Sheria za Kenya, inasema ni kosa kumshtaki mtu kuwa mchawi, isipokuwa kwa kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka. Ukisikia mzee ametishwa, mwambie chifu na polisi siku hiyo hiyo, na umtafutie pa kulala.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Katika kijiji chetu, watu huenda kwa mganga kwa shida zipi hasa? Ni mlango gani uliofungwa kwanza?

2. Je, kuna mzee kati yetu anayeitwa mchawi? Nani anamtembelea?

3. Mara ya mwisho mwenzetu alipofiwa, tulirudi kwake mara ngapi?

4. Tuchague jambo moja la kufanya kabla ya mkutano ujao. Nani atalifanya, na lini?

Mtasema, na yule mtoto? Anameza vidonge kila asubuhi. Mama yake alirudi kwetu baada ya miezi mingi, na safari hii tulikaa. Amepita mwaka wa pili sasa bila kuanguka. Amejua kwamba haikuwa kazi ya nyanya yake, maana vidonge havifukuzi uchawi. Amekwenda mara mbili kumwomba msamaha mama mkwe kule alikohamia kwa binti yake. Mzee amempokea na kumpa chai, lakini bado hajakubali kurudi. Nyumba yake haina paa mpaka leo. Jumuiya imeanza kuchanga mabati, na sisi wa ofisi tumetoa ya kwanza.