Umbali wa Anga na Muda wa Safari
Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni takriban kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara huzidi 1,100. Jeti iendayo kilomita 800 kwa saa ingeumaliza umbali huo kwa saa moja na ushei. Mbona tiketi huonyesha muda mrefu zaidi? Ni kwa sababu muda huo huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kule iendako. Ukaguzi na kungojea mizigo havimo kabisa. Basi mwenye tiketi mbili, zilizonunuliwa kila moja peke yake, asiunganishe safari kwa kuhesabu kilomita: akichelewa ndege ya pili, kwa kawaida nauli yake hupotea.