Somo la Mwezi: Mgonjwa wa Akili na Kazi ya Mikono Yake



Somo letu safari hii linahusu watu ambao tumekuwa majirani zao miaka mingi pasipo kuwajua. Hapa kwetu, ukitaja Mirembe, watu hucheka. Watoto hutaniana kwa jina hilo shuleni, na ukiwa safarini ukasema unatoka Dodoma, hakosekani mmoja wa kukuuliza kama umeruhusiwa au umetoroka. Mzaha huo umezeeka, wala hauchekeshi nyumba ambayo mtoto wao amelazwa kule. Hospitali ya Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, mwaka ule ule ilipoanza Dayosisi yetu ya Central Tanganyika. Basi twalingana umri na jirani huyu, ila twajua ukuta wake tu, na yanayotendeka ndani yametupita.

Katika hospitali ya namna hiyo wako madaktari, wako wauguzi, wako watu wa ustawi wa jamii. Tena wako wengine ambao mgeni akiwaona kwa mbali atadhani ni mafundi au walimu wa kazi za mikono, kwa kuwa atawakuta na wagonjwa bustanini, jikoni, au wamezunguka mkeka unaosukwa. Hao huitwa watoa tiba kwa vitendo. Wengine husema tiba ya kazi, na neno hilo la pili ndilo lililozaa dhana kwamba wagonjwa wanafanyishwa kazi. Yafaa tulieleze jambo hili vizuri.

Kazi hapa haina maana ya ajira. Maana yake ni yote yanayojaza siku ya mtu: kuamka, kuoga, kuvaa, kuteka maji, kupalilia, kwenda sokoni na kurudi na chenji kamili, kumsalimu mkwe kwa adabu, kuimba kwaya. Ugonjwa wa akili huyala hayo kimya kimya kabla watu hawajaona kituko chochote. Mwenye sonona anajua kusonga ugali tangu utotoni, lakini asubuhi hii hawezi hata kuinuka kwenda kuwasha moto, na jirani humwita mvivu. Mwenye skizofrenia huanza jambo, katikati sauti asizozisikia wengine zikamvuta, akaliacha. Dawa hupunguza sauti hizo, na ni lazima zitumiwe. Lakini hakuna kidonge kinachomrudishia mtu mazoea ya kuamka alfajiri, wala kinachomkumbusha jinsi ya kukaa na wenzake. Hapo ndipo mtoa tiba kwa vitendo anapoingia.

Sisi tuliofundisha katika vyuo vya ualimu tunaitambua njia yake mara moja. Mwalimu hufanya andalio la somo: hulikata jambo kubwa vipande vidogo, huanza na linalojulikana, hukaza hatua moja kabla ya kwenda nyingine. Mtaalamu huyu hufanya vivyo hivyo kwa jambo ambalo sisi hatudhani kwamba lina vipande. Chukua sufuria moja ya uji wa uwele. Lazima uioshe, upime maji, uwashe mkaa, ukoroge unga kwanza katika maji ya baridi usije ukafanya madonge, umimine, ukoroge pasipo kuacha, ujue umeiva, uepue usijiunguze, ugawe vikombe vitoshe watu waliopo. Hizo ni hatua tisa. Mgonjwa mmoja atasahau maji. Mwingine atafika kwenye kukoroga akasimama na mwiko mkononi, anasikiliza. Wa tatu anajua yote, lakini mikono inatetemeka na shingo imekakamaa. Huyo huenda dawa ndizo zinazomsumbua, na mtaalamu atampelekea daktari habari ili zitazamwe upya. Wa nne atapika vizuri kabisa, kisha atagawa vikombe bila kumtazama mtu usoni. Kwa sufuria moja umejifunza habari za watu wanne, ambazo pengine hungezipata kwa kuwahoji juma zima. Tunakiri kuwa tulipolifahamu hili tuliwaonea wivu kidogo, maana ni walimu wachache wanaopata kumtazama mwanafunzi mmoja kwa uangalifu namna hiyo.

Kutoka hapo ngazi hupandishwa. Juma hili akoroge tu. Juma lijalo awashe moto na kukoroga. Baadaye aende na mwenzake kununua unga, halafu aende peke yake. Akishindwa, kazi hupunguzwa, hasutwi. Jambo lingine ni kwamba kazi huchaguliwa kufuatana na maisha ya mtu. Mkulima wa zabibu wa Hombolo hana haja ya kufundishwa kufuma vitambaa kwa sababu tu nyuzi zimo kabatini, na karani hatapona kwa kukabidhiwa jembe ambalo hakulishika tangu shule ya msingi. Swali la kwanza ni: kabla ya kuugua ulikuwa unafanya nini, na nani alikuwa akikutegemea?

Fikra hii haikuanza jana. Mwaka 1796 huko York, Uingereza, William Tuke na wenzake wa madhehebu ya Makweka walifungua nyumba ya wagonjwa wa akili wakawapa bustani, ushonaji na heshima, wakati ambapo mahali pengi wagonjwa walifungwa minyororo. Mwaka 1917 watu wachache walikutana katika mji mdogo wa Clifton Springs, Marekani, wakaunda chama cha kwanza cha taaluma hii. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu wa kazi za mikono, jambo linalotupendeza kulitaja. Daktari Elizabeth Casson alifungua shule ya kwanza ya fani hii Uingereza, mjini Bristol, mwaka 1930. Shirikisho la dunia nzima likaundwa mwaka 1952.

Lakini tusidhani kila kitu kilitoka ng'ambo kikiwa tayari. Huko Abeokuta, Nigeria, Daktari Thomas Lambo alianzisha mwaka 1954 utaratibu wa wagonjwa kukaa na jamaa zao katika vijiji vilivyo jirani na hospitali ya Aro, wakishiriki maisha ya kijiji huku wakitibiwa. Nchini kwetu, milimani Usambara wilayani Korogwe, iko Lutindi. Palianzishwa mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 pakaanza kupokea wagonjwa wa akili, kwa hiyo ni miongoni mwa hospitali za kwanza za aina hii katika Afrika Mashariki. Ndugu zetu Walutheri wanaiendesha, na shamba na karakana zimekuwa sehemu ya matibabu pale. Baadaye, katika miaka ya Ujamaa, Tanzania ilijaribu pia vijiji vya kilimo kwa wagonjwa waliopata nafuu, kimojawapo kikiwa Vikuruti, karibu na Dar es Salaam. Siku hizi watoa tiba kwa vitendo hufundishwa KCMC, Moshi. Hata hivyo idadi yao ni ndogo mno kwa nchi kubwa kama yetu.

Hapa lazima tuseme neno ambalo si tamu. Katika hospitali nyingi za zamani, Ulaya na makoloni yake vile vile, wagonjwa walilima, walifua na walichota maji ili gharama za kuendesha hospitali zipungue, na jambo hilo likaitwa tiba. Tofauti yake na tiba ya kweli haionekani kwa kutazama jembe. Inaonekana kwa kuuliza: kazi hii ilichaguliwa kwa faida ya nani? Je, itabadilika mgonjwa akiendelea vizuri, au atapalilia tuta lile lile miaka kumi? Kazi isiyobadilika kwa miaka kumi ni utumishi bila mshahara.

Swali hilo hilo twapaswa kulileta nyumbani, na hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Maana kazi ya miezi mitatu hospitalini yaweza kubomoka kwetu kwa muda wa juma moja.

Tuseme kijana amerudi mwezi wa Novemba, kabla ya mvua. Amejifunza tena kuamka, kuoga, kupika, kufanya kazi saa mbili bila kuvunjika moyo. Mama yake amefurahi, na kwa upendo anamtandikia mkeka chini ya mti. Jembe linafichwa. Panga linafichwa. Chai analetewa, maji ya kuoga anachotewa. Wageni wakija, mazungumzo yanapita juu ya kichwa chake kama vile hayupo: "Huyu anaendeleaje?" Mvua ikianza, wote wanakwenda kupanda uwele na karanga, yeye anaachwa alinde nyumba. Kufika Februari haogi tena, usiku halali, dawa ameziacha, na sauti zimerudi. Watu husema, si tulisema, ugonjwa huu hauponi. Sisi twasema kwamba kuacha dawa ni sababu moja, na mkeka ule ni sababu nyingine.

Iko nyumba nyingine yenye kosa la upande wa pili. Huyo amekabidhiwa ng'ombe, anachunga peke yake porini tangu asubuhi hadi jioni, hasemi na mtu, halipwi kitu, kwa hoja kwamba kichaa hana matumizi. Huyo ana kazi, ila hana watu.

Basi siku ya kumchukua mgonjwa, ndugu asiondoke na kadi ya kliniki tu. Amwombe mtoa tiba kwa vitendo, na kama hayupo, muuguzi, amweleze mambo matatu: yapi anayaweza peke yake, yapi anayaweza akiwa na mtu, na yapi bado. Kisha jamaa wote waambiwe, hasa bibi, maana mara nyingi yeye ndiye anayeficha jembe.

Kwa nchi yetu ya jua kali kuna jambo la kuangalia. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hufanya ngozi iungue upesi na mwili ushindwe kustahimili joto. Kwa hiyo shamba liwe asubuhi mapema, avae kofia na shati la mikono mirefu, awe na maji ya kunywa. Dawa nyingine huleta usingizi mzito. Kama asubuhi haamki, msimwite mvivu, ulizeni kliniki kama saa ya kumeza yaweza kubadilishwa. Msizipunguze wenyewe. Pombe, iwe ya kienyeji au ya chupa, na bangi, ni adui wa dawa hizo. Mwenye kifafa naye asinyimwe kupika, bali moto uinuliwe juu ya jiko la udongo lililojengwa, sufuria isiwe ya kuyumba, na asiwe peke yake. Kisimani na juu ya miti asiende kabisa hadi daktari aseme. Na akipalilia shamba la mtu, alipwe sawa na wenzake, pesa aishike mwenyewe.

Sala tunaendelea nazo, na tuwaombee. Lakini anayemwambia mgonjwa aache dawa ili aoneshe imani yake anamtwika mzigo ambao yeye mwenyewe hatausaidia kuubeba usiku wa manane.

Kwa kusoma pamoja, tumechagua mahali pawili. La kwanza ni 1 Wafalme 19. Eliya amechoka hadi anaomba kufa. Tazameni utaratibu wa Mungu kwake: usingizi, mkate, maji, usingizi tena, chakula tena, mwendo, maongezi, na mwisho kazi ya kufanya, pamoja na mwenzake wa kumsaidia, Elisha. Hakukemewa kwa kuchoka, wala hakuachwa chini ya mti ule. La pili ni Marko 5:1-20. Mtu yule alipopona aliomba afuatane na Bwana, akarudishwa nyumbani kwa watu wake, akiwa na jambo la kuwaeleza. Injili yasema alikwenda kutangaza, na watu wote wakastaajabu. Tunajua pia kwamba watu wa mji, walipomwona ameketi, amevaa nguo na ana akili timamu, waliingiwa na hofu.

Makundi ya nyumba kwa nyumba yazungumze haya. Kwa nini watu wale waliogopa alipokuwa mzima? Katika mtaa wetu, ni nani aliyerudi kutoka hospitali ambaye tangu arudi hajapewa zamu yoyote, ya kufagia kanisa, ya kupiga kengele, ya kupika siku ya harambee? Kabla ya kuugua alikuwa akifanya nini? Na ni nani kati yenu atakayekwenda kumwuliza yeye mwenyewe, si mama yake, kwamba angependa kuanza na lipi? Majibu ya swali hili la mwisho yaletwe kwa katekista kabla ya mvua za kwanza, ili wenye mashamba wajue ni nani wa kumwita.