Mafunzo Niliyopata Nikiwaandaa Mafundi kwa Tatizo Lisilotarajiwa

Nafundisha mafundi wa minara ya simu. Hata hivyo, mfano ninaoanza nao kila darasa jipya haukutokea mnarani. Ulitokea mamia ya kilomita juu yetu, kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, mwaka 2007.

1. Zoeza mikono kabla ya majibu.
Tarehe 30 Oktoba mwaka huo, paneli ya sola ilichanika ikiwa inakunjuliwa, waya wake wa kuongozea ukiwa umekwama. Hakuna mwanaanga aliyewahi kuifanyia mazoezi kazi ya kuitengeneza. Wahandisi wa Houston walibuni vifungo vya waya na vipande vya alumini, wakatuma maelekezo, na vikatengenezwa humo humo kituoni. Paneli haikuweza kuzimwa umeme, kwa hiyo zana zilizungushiwa tepu ya kuhami. Tarehe 3 Novemba mwanaanga Scott Parazynski, daktari kwa taaluma, alifikishwa kwenye mpasuko akiwa kwenye ncha ya nguzo ndefu iliyoshikwa na mkono wa roboti. Akaukata ule waya, akapitisha vifungo vitano, na paneli ikakunjuka yote. Kazi ilikuwa mpya, lakini mikono ilishazoea: kujishikiza, kukata ukiwa na glovu nene, kutulia. Hayo alishayazoea ndani ya bwawa la mazoezi la Houston, lenye kina cha mita 12. Ndiyo maana wanafunzi wangu hufunga na kufungua nati wakiwa na glovu mpaka waache kuzitazama.

2. Aliye chini naye yuko kazini.
Mwaka 1973 bawa la sola la kituo cha anga cha Skylab lilipogoma kufunguka, mwanaanga Rusty Schweickart aliijaribu kazi ile bwawani Huntsville kabla Pete Conrad na Joseph Kerwin hawajaifanya angani. Mimi huwageuza nusu ya darasa wakaupa mnara mgongo, wabaki na redio tu. Wa juu anasema, "Ile nati ya kushoto." Wa chini anauliza, "Kushoto kwako au kwa mnara?" Swali hilo likianza kuulizwa bila mimi kulichokoza, najua timu imeanza kuiva.

3. Wavurugie mpango.
Wakufunzi wa wanaanga hupenyeza hitilafu kwenye mazoezi makusudi. Mimi hutoa spana moja kwenye begi bila kusema. Timu nzuri haitafuti wa kumlaumu: inamwaga kila kitu kwenye turubai na kutaja kimoja kimoja. Ndivyo mswaki ulivyopata kazi Septemba 2012. Bolti iligoma kuingia kwenye Kituo cha Kimataifa, na baada ya watu kupekua vilivyokuwemo kituoni, Sunita Williams na Akihiko Hoshide walisafisha tundu lake kwa zana zilizobuniwa, mojawapo ikiwa imetengenezwa kwa mswaki. Bolti ikakaa.

4. Neno "simama" ni la kila mtu.
Julai 2013 mwanaanga Luca Parmitano aliripoti maji ndani ya kofia yake akiwa nje ya kituo, na matembezi yale ya angani yakakatizwa. Kwangu, hata mwanafunzi wa siku ya kwanza akilitamka redioni, kazi inasimama, watu wanashuka, na maswali yanaulizwa chini.