Haki ya Mwenye Chombo na Haki ya Mvuvi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikilie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baadu.

Ndugu zangu Waislamu, katika delta ya Rufiji, tangu Nyamisati hata Salale na Mbwera, wengi wetu riziki yetu i majini: samaki na kamba. Na mara nyingi mwenye chombo na nyavu siye aingiaye majini. Wawili hawa wahitajiana. Na asiyejua daraja yake humdhulumu mwenziwe, hata pasipo kukusudia.

MAS'ALA. Walinijia watu wawili wakigombana, mwenye mashua na mvuvi wake. Maji yalipokupwa wavu ulinasa katika mizizi ya mikoko ukararuka. Mwenye mashua akataka kukata thamani yake katika haki ya mvuvi, akisema, "Sisi ni washirika, hasara ni yetu sote." Mvuvi akajibu, "Tulipopata kamba wengi uliniambia mimi ni mtu wa kazi tu." Lakini mvuvi naye alikiri ya kuwa huuza baadhi ya kamba njiani kwa siri. Nikawauliza, "Mliagana nini?" Wote wawili wakasema, "Kama kawaida ya watu."

JAWABU. Jueni ya kuwa hapo ndipo ulipo ugonjwa. Katika madhehebu ya Imamu wetu Shafii, ijara ina nguzo zake: wenye kuagana, tamko, manfaa na ujira, na sharti ya ujira ni kujulikana. Basi mwenye kusema, "Chukua wavu wangu ukavue, tutagawana nusu kwa nusu," mapatano yake hayakusihi, kwani hapana ajuaye bahari itatoa nini. Maulamaa wetu wamesema ya kuwa mavuo hayo ni ya aliyevua, na mwenye wavu hupewa ujira wa mfano wa wavu wake.

Njia zilizo salama ni mbili. Ya kwanza, mwenye chombo amwajiri mvuvi kwa muda uliotajwa na ujira uliotajwa. Hapo mavuo ni ya mwenye chombo, yawe mengi au machache, na ujira hauna budi kulipwa. Mvuvi akiuza njiani kwa siri amekhini amana. Ya pili, wavuvi wakodi chombo na wavu kwa kodi iliyojulikana. Hapo mavuo ni yao, na kodi ni juu yao hata wakirudi mikono mitupu. Na katika njia zote mbili wavu ni amana mkononi mwa mvuvi: ukiharibika pasipo uzembe wala kuvuka mpaka, halipi, akizembea, hulipa.

Tazameni habari ya Nabii Musa (A.S.) katika Sura ya Al-Qasas. Alisifiwa kwa nguvu na uaminifu. Mzee wa Madyana akamtajia muda wa miaka 8, na ya kutimiza 10 akaiacha kwa hiari yake, wala hakutaka kumtaabisha. Hiyo ndiyo adabu ya pande zote mbili. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, mwenye kumtumikisha mtu kazi kamili kisha asimpe ujira wake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Ni nani awezaye kushindana na hasimu huyo?

Basi wale wawili niliwasuluhisha hivi: hasara ya wavu ni ya mwenyewe, kwani mvuvi hakuzembea, na mvuvi adhihirishe yote aliyoyauza, wahesabiane, kila mtu apate haki yake. Kisha waagane upya mbele ya mashahidi, na waandike. Kuandika ni amri tuliyofundishwa katika Sura ya Al-Baqara juu ya madeni. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo humtaka mwajiri ampe mwajiriwa masharti ya kazi kwa maandishi.

Ewe ndugu yangu, kabla ya kung'oa nanga, uliza: mimi leo ni mwajiriwa, au ni mkodi? Usingoje wavu uraruke. Wallahu aalam.