Adabu ya Kujadiliana na Asiyeamini

Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Huenda Muislamu zama hizi akakutana na mtu asemaye kuwa hapana Mungu. Na mtu huyo si lazima awe mgeni. Yamkini ni mwana wa nduguye, aliyehitimu Kurani chuoni, kisha akaenda ng'ambo kusoma, akarudi na masuali. Maneno yakianza barazani, wakubwa humkemea na vijana humcheka, naye huinuka akaenda zake, asirudi tena. Waliosalia huona kuwa wameinusuru dini. Je, wameinusuru?

AMRI YA KURANI

Katika Suratun Nahli, aya ya 125, Mwenyiezi Mungu ameamrisha watu waitwe kwa hekima na mawaidha mema, na wajadiliwe kwa njia iliyo bora. Tazama, mawaidha yametakiwa yawe mema, na mjadala ukatakiwa uwe kwa iliyo bora kabisa. Kwani katika mjadala ndimo hasira huinuka.

Katika Suratul An'am, aya ya 108, Waislamu wamekatazwa kuwatukana waabudiwa wa washirikina, wasije nao wakamtukana Mwenyiezi Mungu kwa ujinga. Na katika Suratu Saba, aya ya 24, Mtume aliamrishwa awaambie washirikina kuwa mmoja katika makundi mawili, lake au lao, yuko juu ya uwongofu au yumo katika upotevu ulio wazi. Mtume hakuwa na shaka hata chembe. Lakini maneno haya humwachia msikizaji nafasi ya kufikiri, wala hayamfungii mlango usoni.

MTUME NA UTBA

Wenye kuandika Sira wamesimulia kuwa Utba bin Rabia, mkubwa katika wakubwa wa Kureshi, alimwendea Mtume (s.a.w.) huko Makka, akamkuta ameketi peke yake msikitini. Akamtolea mali, na ukubwa, na ufalme, ili auwache wito wake. Na ikiwa ayaonayo ni maradhi ya jini, watamtafutia tabibu. Maneno haya yalikuwa mazito kwa Mtume wa Mwenyiezi Mungu, kuambiwa kuwa ana tamaa au ana wazimu. Lakini hakumkata kauli. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amekwisha, akimwita Abul Walid, kwa kuniya yake, kama watu wa pwani wamwitavyo mtu Baba Fulani kwa kumtukuza.

Utba alipojibu kuwa amekwisha, Mtume alimtaka naye asikilize, akamsomea Suratu Fussilat. Utba akasikiliza, ameitupa mikono nyuma ya mgongo akiiegemea, mpaka ikafika aya ya sijda, Mtume akasujudu. Kisha akamwambia kuwa amekwisha kuyasikia, basi shauri ni lake.

Utba aliporudi, wenziwe waliona kuwa uso wake sio ule aliokwenda nao. Akawashauri wamwache mtu yule na jambo lake. Wakamwambia amerogwa kwa ulimi.

Utba hakusilimu, aliuawa Badri, mwaka wa 2 wa Hijra (624), akipigana na Waislamu. Mwanawe, Abu Hudhaifa, alikuwa safu ya Waislamu. Mtume alipouona uso wake umebadilika, alimuuliza habari yake. Akajibu kuwa hana shaka kwa kufa babake, lakini alimjua kuwa ni mtu wa rai, na upole, na fadhila, akataraji hayo yatamwongoza kwenye Uislamu. Mtume hakumkemea kwa huzuni ile, bali alimwombea kheri.

ADABU ZIPATIKANAZO

Ya kwanza: kumsikiliza mtu mpaka amalize, ajapokuwa asemayo yanachoma.

Ya pili: kumwita kwa jina la heshima, wala si kwa kosa lake.

Ya tatu: kumwita faragha. Imam Ghazali (aliyekufa mwaka wa 505, yaani 1111), katika Ihya, amehesabu katika sharti za munadhara kuwa faragha ipendeze kuliko mbele ya watu, kwani mbele ya watu kila mmoja hutaka ushindi.

Ya nne: kuitafuta haki kama mtu atafutaye kitu kilichompotea, asijali kukiona yeye au mwenziwe. Na hili pia ni la Ghazali.

SUALI: Akifanya dhihaka je?
JAWABU: Na aondoke hapo, kama ilivyo katika Suratun Nisai, aya ya 140. Lakini aya imeweka mpaka, nao ni hata waingie katika mazungumzo mengine. Basi ni kukiacha kikao, si kukata udugu.

SUALI: Na asipoamini baada ya yote?
JAWABU: Utba naye hakuamini, na aliyemsomea ni mbora wa viumbe. Katika Suratul Ghashiya, aya ya 21 na 22, Mtume ameambiwa kuwa yeye ni mkumbushaji tu, si mwenye kuwatawala. Juu ya Muislamu ni kufikisha kwa adabu. Moyo uko mikononi mwa Muumba wake.

Basi yule kijana aliyeondoka barazani, na aendewe nyumbani kwake, aulizwe hali kwanza, kisha aulizwe suali lake, na asikilizwe.

Wallahu a'lam.